Bacon's Castle, nyumba ya shamba ya mwaka 1665: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeiona picha ya nyumba hii kwa mara ya kwanza huwa haamini kwamba iko Marekani. Ina kuta za matofali mekundu, gebo (ncha za kuta za ubavuni zinazopanda hadi kileleni mwa paa) zenye mikunjo na ngazi, na dohani tatu tatu zilizosimama kishazari kila upande. Halafu ubavuni imegandishwa nyumba nyingine isiyofanana nayo hata kidogo. Haya ndiyo maswali ambayo watu huuliza zaidi, na majibu yake.

Iko wapi, na ni ya nani?

Iko katika kaunti ya Surry, kusini-mashariki mwa jimbo la Virginia, ng'ambo ya kusini ya mto James ukitokea Jamestown, mahali Waingereza walipoanzisha makazi yao ya kwanza ya kudumu Amerika ya Kaskazini mwaka 1607. Aliyeijenga ni Arthur Allen, mhamiaji kutoka Uingereza aliyetajirika kwa tumbaku. Alifariki mwaka 1669, kwa hiyo aliishi ndani yake miaka minne tu. Tangu mwaka 1973 inamilikiwa na shirika la kuhifadhi historia la jimbo hilo, ambalo leo linaitwa Preservation Virginia.

Ndiyo nyumba ya kuishi ya matofali iliyo kongwe kuliko zote ambazo umri wake umethibitishwa katika nchi ambayo sasa ni Marekani. Hayo maneno "umri wake umethibitishwa" ni ya muhimu, nitayarudia hapa chini.

Bacon ndiye nani? Si umesema mwenyewe ni Allen?

Nathaniel Bacon hakuijenga, hakuimiliki, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kulala humo. Mwaka 1676 aliongoza uasi dhidi ya gavana wa koloni, William Berkeley. Chanzo kilikuwa ugomvi juu ya ardhi, kodi, na vita dhidi ya wenyeji wa asili, ambao Bacon alitaka wafukuzwe kwa nguvu kuliko gavana alivyokuwa tayari kufanya. Mwezi Septemba mwaka huo waasi waliichoma Jamestown yote.

Wakati huo mwenye nyumba alikuwa Arthur Allen wa pili, mtoto wa mjenzi, na alikuwa mtu wa gavana. Kikosi cha waasi kilimfukuza kikaigeuza nyumba yake ngome, kikakaa humo kuanzia Septemba hadi karibu na mwisho wa Desemba. Walikula mifugo yake, wakanywa mvinyo wake, wakasomba walichoweza kubeba. Bacon mwenyewe alikufa kwa kuhara damu tarehe 26 Oktoba, waasi wangali ndani. Allen aliporudi aliwafikisha mahakamani kudai fidia.

Kwa vizazi kadhaa watu wa pale waliiita tu "nyumba ya matofali ya Allen". Hilo lilitosha, maana nyumba ya matofali ilikuwa haba kiasi kwamba huhitaji kueleza zaidi. Jina la Bacon lilikuja baadaye, na neno "kasri" nalo lilitokana na hadithi ya ngome. Kwa hiyo ni kasri la Bacon ambalo si kasri wala si la Bacon. Jina limeganda, na hakuna anayejaribu tena kuling'oa.

Je, ni kweli matofali yaliletwa kwa meli kutoka Uingereza?

Hapana. Hii ni hadithi inayosimuliwa karibu kila penye jengo la kale la matofali katika pwani yote ya mashariki ya Marekani. Wasimulizi husema meli zilikuja na matofali ya kuzipa uzito tumboni, zikarudi na tumbaku. Inapendeza kuisikia, lakini fikiria hesabu yake. Nyumba ya ghorofa mbili yenye kuta nene hula matofali kwa makumi ya maelfu. Kuyapakia, kuyavusha bahari, kisha kuyasukuma kwa mikokoteni hadi shambani, wakati udongo wa mfinyanzi uko palepale chini ya miguu na kuni hazina mwisho, ni ukichaa wa kibiashara. Tena Virginia haikuwa na shida ya udongo. Ilikuwa na shida ya mikono ya kazi.

Walichofanya ni kile ambacho msomaji wa Iringa, Mbeya au Kigoma anakijua bila kufundishwa. Udongo ulichimbwa mapema, ukaachwa upigwe na baridi na mvua ili ulainike. Kisha ukakanyagwa pamoja na maji, ukafyatuliwa kwa maboksi ya mbao, matofali yakaanikwa hadi yakauka. Mwishowe yalipangwa kuwa tanuri lenyewe, yakiachiwa mashimo ya kuni chini, na moto ukakokwa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Yaliyokuwa jirani na moto yaliungua sana, mengine yakapata uso mweusi unaong'aa kama yamepakwa vanishi. Ya pembeni yalitoka mabichi mabichi, yakaishia ndani ya ukuta ambako hayaonekani. Fundi mzuri alijua kuyachagua.

Chokaa nayo haikutoka mbali. Sehemu ile ya Virginia haina mawe ya chokaa, lakini mito yake ilijaa chaza. Makombe ya chaza yalichomwa, yakazimwa kwa maji, yakachanganywa na mchanga. Kwenye mota ya nyumba nyingi za kale za Virginia bado unaona vipande vyeupe vya kombe visivyoungua vizuri. Waliochoma matumbawe katika matanuu ya Lamu na Unguja walikuwa na tatizo hilohilo la kukosa jiwe la chokaa la bara, wakalitatua kwa njia ileile: bahari itoe chokaa.

Basi ni nani hasa aliyafyatua?

Hapa ndipo historia inapokuwa bahili. Jina la mwenye shamba linajulikana, cheo chake kinajulikana, mwanawe anajulikana hadi kuwa spika wa baraza la wawakilishi wa koloni. Waliokanyaga udongo hawana majina.

Tunachojua ni mazingira. Mwaka 1665 kazi ya mashamba ya Virginia ilifanywa na makundi mawili: Waingereza maskini waliosafirishwa kwa mkataba wa kutumika miaka kadhaa bila mshahara, na Waafrika. Waafrika wa kwanza kufika koloni hilo walishushwa Point Comfort mwaka 1619, watu waliotekwa Angola. Miaka mitatu tu kabla ya nyumba hii kujengwa, mwaka 1662, baraza la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata baba akiwa bwana mwenye shamba. Kwa hiyo kuta hizi zilipanda wakati utumwa wa kurithi ulikuwa ukiandikwa kwenye vitabu vya sheria, upande wa pili wa mto huohuo.

Na uasi ule uliotajwa juu uliuharakisha. Katika jeshi la Bacon walikuwamo watumishi weupe wa mkataba na watumwa weusi, bega kwa bega. Jambo hilo liliwatia hofu matajiri. Wanahistoria wanabishana ni kwa kiasi gani uasi wenyewe ndio uliosababisha, lakini mwelekeo hauna ubishi: katika miongo iliyofuata wenye mashamba waliacha polepole kutegemea watumishi wa mkataba wakanunua Waafrika, na sheria ya mwaka 1705 ikaufunga mlango kabisa.

Mwaka 1665 umejulikanaje? Umeandikwa ukutani?

Umejulikana kwa pete za miti. Boriti zikitobolewa kwa keekee nyembamba hutoa kijiti cha mbao chenye pete za kila mwaka, nene kwa mwaka wa mvua, nyembamba kwa mwaka wa ukame. Mfululizo huo hulinganishwa na kumbukumbu ya pete za miti ya eneo lote. Kama boriti bado ina ukingo wa mwisho uliokuwa chini ya gome, unapata mwaka ambao mti ulikatwa. Mafundi wa Virginia walitumia mbao zikiwa mbichi, kwa hiyo mwaka wa kukata mti na mwaka wa kujenga hukaribiana sana.

Jambo hili limewaumbua wengi. Nyumba ya Thoroughgood, huko Virginia Beach, ilitangazwa kwa miaka mingi kuwa ya mwaka 1636, na watu wakaja kutoka mbali kuiona nyumba ya matofali iliyo kongwe kuliko zote. Mbao zake zilipopimwa, jibu likaja kwamba ni ya karibu mwaka 1719. Nyumba ya Allen ilipopimwa, tarehe ya jadi ilisimama palepale. Ndiyo maana nimesisitiza kuthibitishwa.

Kwa nini alijenga kwa matofali wakati majirani wote waliishi kwenye mbao?

Nyumba ya kawaida ya Virginia katika karne ya 17, hata ya mtu mwenye uwezo, ilikuwa ya nguzo zilizochimbiwa ardhini moja kwa moja, bila msingi, na kuta za mbao zilizopasuliwa. Mchwa na unyevu vilikula nguzo, na baada ya miaka kumi au ishirini nyumba iliegemezwa, ikafanyiwa viraka, au ikaachwa. Haikuwa ujinga. Tumbaku huchosha ardhi haraka, vifo vilikuwa vingi, na kila senti na kila mkono ulitakiwa shambani. Kujenga nyumba ya kudumu kulimaanisha kufunga mtaji kwenye ukuta badala ya kuuweka kwenye zao.

Allen aliweza kuufunga. Mwenye nyumba ya matofali alikuwa anawaambia majirani zake kwamba haondoki. Ilikuwa pia njia ya mtu ambaye Uingereza asingehesabiwa miongoni mwa wakubwa kuonekana mkubwa hapa. Mimi naona hiyo sababu ya pili ilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu ukiitazama nyumba kwa mbele unaona jinsi fedha ilivyotumika pale panapoonekana.

Hizo gebo zenye mikunjo na dohani zilizokaa kishazari ni mtindo gani?

Ni mtindo wa Uingereza wa enzi ya mfalme James wa kwanza, aliyetawala huko kuanzia 1603 hadi 1625. Gebo za mikunjo zilitoka Uholanzi na Flanders, zikavuka bahari hadi mashariki mwa Uingereza, zikawa fasheni, kisha zikapitwa na wakati. Allen alipozijenga mwaka 1665, mjenzi wa London angezicheka. Koloni huwa hivyo. Fasheni hufika imechoka.

Kila upande wa nyumba kuna dohani tatu zilizoota kutoka kwenye tako moja, kila moja imegeuzwa nyuzi 45 ili pembe yake itazame mbele. Fundi yeyote anajua adha ya kazi hii: matofali yana pembe za mraba, na hapa unayapandisha kwa mshazari juu ya tako lisilo la mshazari, tena juu ya paa. Hakuna faida ya moshi inayopatikana. Ni maonyesho matupu, na ni mazuri.

Nyumba za mtindo huu zilizobaki katika bara zima la Amerika na visiwa vyake huhesabiwa kuwa tatu tu. Nyingine mbili, Drax Hall na St. Nicholas Abbey, ziko Barbados, kwenye mashamba ya miwa. Tumbaku huku, sukari kule, na Waafrika kotekote.

Matofali yamepangwaje? Kuna kitu cha kujifunza kwenye kozi zake?

Kipo. Kozi moja imelazwa matofali kwa urefu, kozi inayofuata yameonyesha vichwa, na kadhalika hadi juu. Huo ndio mpangilio wa Kiingereza, wenye nguvu kwa ukuta mnene kwa sababu vichwa vinaingia ndani na kuushika ukuta pande zote mbili. Baadaye, karne ya 18, Virginia ilipenda mpangilio wa Flanders, ambapo ndani ya kozi ileile tofali la urefu linafuatwa na la kichwa, na vichwa vyeusi vilivyoungua vinatengeneza madoadoa kama ubao wa drafti. Mara nyingi walijenga chini, sehemu inayobeba mzigo, kwa mpangilio wa zamani, na juu kwa ule mpya. Ukijua hili tu, unaweza kukisia umri wa nyumba nyingi za Virginia ukiwa bado barabarani.

Ndani ilikuwaje mwanzoni?

Rahisi kuliko unavyodhani ukiitazama kwa nje. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la msalaba: mwili mrefu katikati, mnara wa kuingilia mbele, mnara wa ngazi nyuma. Ukipita mlango wa mbele na kupenya ule mnara unaingia moja kwa moja kwenye ukumbi, chumba kikubwa ambamo watu walikula, walipokea wageni, walifanya biashara na pengine kugombana. Pembeni yake kuna chumba cha pili, cha faragha zaidi, ambacho kwa desturi ya wakati huo ndimo bwana na bibi walilala. Ghorofa ya juu ina vyumba, juu yake kuna dari lenye nafasi ya kulala, na chini ya ardhi kuna sakafu nyingine yenye jiko. Kila ukuta wa mwisho una meko yake, ndiyo maana dohani ziko pande zote mbili.

Hakukuwa na korido. Aliyeingia, awe gavana au mleta kuni, alijikuta katikati ya ukumbi wa familia. Vaa miwani ya mwaka 1665 na hilo halina ajabu lolote. Vaa ya mwaka 1750 na ni aibu.

Kisha nini kikabadilishwa?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na jibu lake refu.

Kwanza madirisha. Yale ya mwanzo yalikuwa ya mabawa, yenye vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa kwa vipande vya risasi, na yalizungukwa na fremu. Katika karne ya 18 yaling'olewa, yakawekwa madirisha ya kusukuma juu na chini, yenye vioo vikubwa vya mraba. Ndivyo kila tajiri alivyofanya wakati huo, mji mkuu wa koloni ulipokuwa umehamia Williamsburg na majengo yake mapya yakawa kipimo cha kila kitu. Vyumba vilipata mwanga zaidi. Lakini tundu la dirisha la mabawa na tundu la dirisha la kusukuma havina umbo moja, kwa hiyo ukuta ulilazimika kukatwa hapa na kuzibwa pale. Makovu hayo yanaonekana hadi leo kwa anayetazama taratibu: rangi ya tofali inabadilika, kiungo kinakuwa cha wima mahali ambapo kozi zingepaswa kuingiliana.

Pili, ukumbi. Katika karne hiyohiyo uligawanywa kwa ukuta mwembamba ili ipatikane njia ya kupita katikati. Kwa fundi ni kazi ndogo ya mbao. Kwa maisha ya nyumba ni mapinduzi. Sasa mgeni alisubiri kwenye njia mpaka aambiwe aingie wapi. Mtumwa aliyebeba chakula alipita bila kuonekana na waliokaa. Na bwana akawa na mlango wa kufunga. Virginia nzima ilikuwa ikifanya hivyo, na wakati huohuo majiko yalikuwa yakitolewa ndani ya nyumba kubwa na kupelekwa kwenye banda la nje, pamoja na joto, harufu na wapishi. Mpangilio wa vyumba ulifuata mpangilio wa jamii: kadiri mashamba yalivyozidi kutegemea Waafrika waliofanywa watumwa, ndivyo nyumba zilivyozidi kujenga kuta kati ya wanaokaa na wanaofanya kazi.

Kuta za vyumba vikuu nazo zilivishwa mbao za nakshi, na boriti kubwa zilizokuwa fahari ya mjenzi zikaanza kuonekana za kishamba.

Tatu, na hapa mtu hukunja uso, ni lile jengo la ubavuni. Ukoo wa Allen ulipoachia shamba, katika miaka ya 1840 lilinunuliwa na familia ya Hankins. Karibu mwaka 1854 wakajenga nyumba ya pili ya matofali pembeni, ya ghorofa, yenye mistari minyoofu ya mtindo uliojifanya wa Ugiriki ya kale, ambao wakati huo ulikuwa umeikumba Marekani kuanzia mabenki hadi makanisa. Wakaiunganisha na ile ya zamani kwa kiungo chembamba, na huko ndiko watu walikoanza kuingilia. Mlango wa awali, ule wa mnara wa mbele wenye kipambo cha matofali juu yake, ukageuzwa dirisha. Kwa hiyo nyumba ya mwaka 1665 ilipoteza uso wake wa mbele bila kubomolewa hata tofali moja la gebo zake.

Kwa nini wasibomoe hiyo nyongeza na kuirudisha nyumba ilivyokuwa?

Watu wengi hupenda kufanya hivyo, na miaka ya 1920 na 1930 ndivyo ilivyofanyika kwa majengo mengi ya Virginia: chagua mwaka mmoja, bomoa kila kilichoongezwa baada yake, kisha tunga upya kilichopotea. Williamsburg ilifanyiwa hivyo kwa fedha za John D. Rockefeller mtoto. Matokeo yake ni mji unaopendeza ambao mara nyingine huwezi kujua ni kipi cha kweli na kipi kilichofanyizwa.

Shirika lilipoinunua Bacon's Castle mwaka 1973, mawazo yalikuwa yamebadilika. Jengo la 1854 lilikuwa tayari na zaidi ya miaka mia moja, ni la kweli, na linaeleza karne ambayo nyumba ya zamani haiwezi kuieleza. Ukilibomoa unapata nini? Unapata ukuta wa ubavuni ambao umeharibiwa kwa kuunganishwa, na utalazimika kuutunga upya kwa kubahatisha. Unapoteza ushahidi ili upate maigizo. Mimi nakubaliana nao kabisa, ingawa nakiri kwamba picha hupigika vizuri zaidi ukisimama upande ambao nyongeza haionekani.

Kuna kitu kingine. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe familia ya Hankins ilifilisika, na kuanzia mwaka 1880 shamba likawa la ukoo wa Warren, wakulima walioishi humo hadi miaka ya 1970 mwanzoni. Hawakuwa na fedha za kuibomoa wala za kuifanya ya kisasa. Nyumba nyingi za kale zimeokolewa hivyo, kwa kukosa fedha katika muda ufaao.

Kuna mabaki yoyote ya nyumba za watumwa?

Ndiyo. Shambani kuna nyumba ya mbao ya mwaka 1829, ambamo waliishi watu waliofanywa watumwa na wenye shamba. Imesimama karibu kiasi cha kuonana na nyumba kubwa, jambo linalokumbusha kwamba mahali hapa hapakuwa na familia moja. Kwa maoni yangu ndilo jengo la kwanza la kuzuru, kabla hujaingia kwenye nyumba kubwa. Ukifanya kinyume, utaliona kama banda la ziada. Nyumba za namna hiyo zilikuwa kwa maelfu katika jimbo hilo na karibu zote zimeoza au kubomolewa. Matofali hudumu, mbao hufa, na hivyo kumbukumbu yenyewe huegemea upande wa mwenye matofali.

Nimesikia kuna bustani iliyofukuliwa. Ni kweli?

Ni kweli. Miaka ya 1980 wanaakiolojia walichimba shamba la jirani na nyumba wakitafuta mabaki ya bustani ya baadaye, wakakuta chini yake mpangilio wa karne ya 17: matuta makubwa sita ya mstatili na njia za mchanga kati yake, eneo la ekari moja na nusu hivi. Inadhaniwa ni ya karibu mwaka 1680, kazi ya Allen wa pili baada ya kutulia kwa uasi. Ilinusurika kwa sababu jembe lilipita juu juu tu.

Nyumba ya matofali ya zamani ikianza kumomonyoka, si unaipiga plasta ya saruji tu?

Usifanye hivyo, na hili linawahusu hata wenye nyumba za misheni za matofali ya kuchoma na nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe. Saruji ya aina ya Portland ilipewa hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin. Karibu kila kilichojengwa kabla yake kilishikiliwa na chokaa au udongo. Tofali laini na chokaa laini hupumua: maji yanayoingia hutoka kupitia mota. Ukijaza viungo kwa saruji ngumu, maji hukosa njia, hutokea kwenye uso wa tofali lenyewe, na uso huo hubanduka. Virginia wana baridi kali ya kugandisha maji ndani ya tofali na kulipasua. Pwani yetu ina chumvi inayofanya kazi ileile polepole. Baada ya muda unaona viungo vya saruji vimesimama mbele na matofali yameliwa nyuma yake. Mota iwe laini kuliko tofali, siku zote, ili inayoharibika iwe ile unayoweza kuibadilisha.

Kuna mizimu?

Wanasema kuna mpira wa moto huonekana usiku ukielea kutoka upande wa makaburi ya kanisa la zamani la karibu. Husimuliwa vizuri zaidi karibu na Oktoba, msimu wa kuuza tiketi.

Nikitaka kwenda, nifanyeje?

Hufunguliwa kwa msimu, kwa hiyo angalia ratiba ya Preservation Virginia kabla ya kutoka. Kama unatokea Williamsburg, usizunguke kwa daraja: panda kivuko cha Jamestown, ni bure na hubeba magari mchana na usiku. Ukifika, kabla ya kumfuata mtembezaji, zunguka nyumba nzima kwa nje peke yako. Anza na mnara wa mbele utafute mlango uliogeuka dirisha, kisha angalia matundu ya madirisha yaliyozibwa, umalizie pale kiungo cha 1854 kinapogusa ukuta wa zamani. Mtembezaji hupenda kuulizwa juu ya sehemu hiyo. Wageni wengi huuliza juu ya Bacon tu.